Ametolewa mrija, hakutolewa kizazi

Msikilizaji wetu, makala hii imetokana na kosa langu mwenyewe. Wiki chache zilizopita, katika kipindi cha asubuhi, nilikuwa nafafanua habari fupi ya afya ya uzazi, nikasema kwamba mwanamke aliyetolewa mirija "hana tena kizazi". Nilisema haraka, kama tunavyosema mitaani, nikaweka wimbo, nikaendelea.

Jioni yake ikaingia simu kutoka kijiji kimoja wilayani Butiama. Aliyepiga ni mama wa miaka 26 mwenye mtoto mmoja. Mwaka jana alikimbizwa hospitali moja akafanyiwa upasuaji wa dharura, mimba ikiwa imetunga nje ya kizazi, na akatolewa mrija mmoja. Siku ile mama mkwe wake alikuwa anasikiliza redio. Baada ya kipindi alimwita mwanawe, akamwambia kwamba sasa hata redio imesema: mkeo ametolewa kizazi, anza kutafuta mwingine.

"Dada, hebu niambie," aliniuliza, "mimi nimebaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba siku tatu, nikaenda kuuliza wakunga na madaktari, nikakaa na vitabu. Niliyoyapata ndiyo haya, na nimeyaandika ili uweze kuyasoma kwenye simu yako polepole, au umsomee mtu aliye karibu nawe.

Neno moja, viungo vitatu

Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Tunasema "kusafisha kizazi", "kutoa kizazi", "kufunga kizazi", kana kwamba kiungo ni kile kile. Kumbe mama anayefunga kizazi baada ya kupata watoto anaowataka haguswi kizazi hata kidogo. Kinachofungwa au kukatwa ni mirija. Kizazi kinabaki pale pale kama kilivyokuwa. Nilipowauliza akina mama watano sokoni Butiama, si mbali na Mwitongo alipozikwa Mwalimu Nyerere, wanne waliniambia kufunga kizazi ni kukishona mdomo kizazi chenyewe. Siwacheki, maana na mimi mtangazaji nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Basi tuvitenganishe. Kizazi, au mji wa mimba, ni mfuko wa nyama wenye ukubwa wa ngumi ndogo. Ndimo mtoto anamokulia, na ndimo damu ya hedhi inamotoka. Kutoka pembe zake mbili za juu inatokeza mirija miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila mmoja una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Karibu na ncha ya kila mrija kuna ovari, kiungo chenye ukubwa kama wa zambarau. Ovari ndiyo ghala la mayai, na ndiyo inayotengeneza homoni za kike, zile zinazoleta hedhi na kuufanya mwili wa mwanamke uwe wa mwanamke.

Mrija haukuungwa na ovari kama bomba linavyoungwa na tangi. Ncha yake imechanika kama vidole, na yai likipevuka na kutoka, vidole hivyo hupapasa na kulizoa. Ndani ya mrija mna vinyweleo vidogo sana vinavyolisukuma yai kuelekea kizazini. Mbegu za mwanamume nazo zinapanda kutoka upande wa pili, zinakutana na yai humo humo mrijani. Kwa hiyo kila mimba, hata yako wewe unayesoma, ilianzia kwenye mrija. Ikishatungwa inasafiri siku nne au tano hivi, inaingia kizazini, inajishikiza ukutani.

Njia hiyo ni nyembamba mno. Mahali inapopenya ukuta wa kizazi, tundu la mrija halifiki milimita moja. Kovu dogo tu linatosha kuiziba, au kuibana kiasi kwamba mbegu zinapita lakini mimba iliyokwisha kutungwa, ambayo ni kubwa zaidi, inakwama.

Mimba inapokwama

Hapo ndipo penye habari ya mama wa Butiama. Katika kila mimba 100, moja au mbili hujishikiza nje ya kizazi, na zaidi ya tisa katika kila kumi za namna hiyo huwa kwenye mrija. Mrija hautanuki kama kizazi. Mimba inakua, mrija unavutika, na kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya nane tangu hedhi ya mwisho unaanza kuvuja damu au unapasuka kabisa. Damu haitoki nje yote. Inajaa tumboni, na mama anaweza kupoteza lita moja au mbili huku nguo yake ina matone machache tu.

Mimba hiyo haiwezi kuokolewa. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaouliza kwa nini daktari hakuihamishia kizazini. Hakuna daktari popote duniani anayeweza kufanya hivyo. Kinachookolewa ni mama.

Na kuokolewa kwenyewe si jambo la zamani sana. Hadi karne ya 19 wanawake waliopasukiwa mrija walikuwa wanakufa karibu wote, Ulaya na kwingineko. Mwaka 1883, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, daktari mpasuaji Robert Lawson Tait alifungua tumbo la mwanamke wa namna hiyo, akaufunga na kuuondoa mrija unaovuja, na mwanamke yule akapona. Upasuaji unaofanyika leo hospitalini kwetu, pamoja na dawa za usingizi na damu ya kuongezewa, kwa msingi wake ni ule ule: ondoa mrija unaomwaga damu, mama aishi.

Dalili ni hizi. Mama amepitisha siku zake, au hedhi imekuja ya ajabu, kidogo na nyeusi. Tumbo la chini linauma, mara nyingi upande mmoja. Anasikia kizunguzungu, anatoka jasho la baridi, akisimama anataka kuanguka. Ipo nyingine inayoshangaza wengi, maumivu ya bega. Hukubeba ndoo wala hukulima, lakini ncha ya bega inauma. Damu iliyojaa tumboni inasumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mishipa ya fahamu inayapeleka maumivu hayo begani. Mama mwenye dalili za mimba anayelalamika bega hapaswi kupewa dawa ya kuchua.

Kwetu huku kuna mtego mwingine, neno "chango". Tumbo la mwanamke likiuma chini tunasema ni chango, tunatafuta mizizi, tunachemsha, tunasubiri. Au tunasema ni UTI, tunanunua vidonge duka la dawa. Kipimo cha mimba cha mkojo nacho kinaweza kukupumbaza, kwa sababu kinaonyesha kwamba ipo mimba, hakionyeshi ipo wapi. Kinachoonyesha mahali ni ultrasaundi, na katika wiki za mwanzo hata hiyo inaweza kuhitaji kurudiwa.

Ukiona dalili hizo, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa M-mama, ambao serikali iliuzindua kwa nchi nzima mwaka 2022 kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu anampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa katika eneo lenu. Familia hailipi nauli. Watu wengi wanaijua kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mimba ya wiki sita iliyotunga nje ya kizazi nayo ni mimba, na nayo ni dharura. Kwa ndugu zetu wa visiwani, kama Rukuba, saa ya kuamua inakuja mapema zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka usiku mtumbwi hautoki. Usingoje mama azimie ndipo muanze kumtafuta nahodha.

Tusingoje pia ruhusa ya mtu aliye mbali. Nimesikia mara nyingi: "Tunamsubiri baba watoto atoke mgodini Buhemba." Mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu zake ndiye anayeridhia upasuaji wake. Baba atapigiwa simu mgonjwa akiwa tayari njiani.

Kwa nini mrija usibanduliwe tu mimba ukaachwa?

Mama wa Butiama aliniuliza hili kwa uchungu. Yeye anaamini walimwonea.

Upo upasuaji wa kupasua mrija kidogo, kutoa mimba na kuuacha mrija. Ipo pia dawa iitwayo methotreksati, inayozuia mimba kuendelea kukua. Dawa inafaa tu kama mimba imegundulika mapema, ni ndogo, mrija haujapasuka, na mama anaweza kurudi mara kwa mara kupimwa homoni ya mimba kwenye damu hadi iishe. Mtu anayetoka kijijini kwa bodaboda, na maabara iko mbali, si rahisi. Mrija ukishapasuka, mazungumzo ya dawa yamekwisha.

Lakini je, kuuacha mrija kungemsaidia kuzaa zaidi? Watafiti waliuliza swali hilo hilo. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2014, baada ya kuwafuatilia wanawake 446 wa Ulaya na Marekani waliokuwa na mimba ya mrijani na mrija wa pili mzima. Nusu waliachiwa mrija, nusu waliondolewa. Katika miaka mitatu, walioachiwa mrija waliopata mimba ya kawaida kizazini walikuwa kama 61 katika kila 100. Waliotolewa mrija walikuwa 56 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema imeletwa na aina ya upasuaji. Na wale walioachiwa mrija, baadhi yao walibakiwa na mabaki ya mimba ndani yake, wakahitaji kutibiwa tena.

Isome tena ile namba ya 56. Ni wanawake waliotolewa mrija mmoja, na zaidi ya nusu yao walishika mimba kwa njia ya kawaida ndani ya miaka mitatu. Hao ndio tunaowaita "waliotolewa kizazi".

Tuwe wakweli lakini. Wanawake wale walichaguliwa kwa sababu mrija wao wa pili ulikuwa mzima. Kwetu, ambako maambukizi mengi hayatibiwi mapema, mrija wa pili mara nyingine nao umeguswa. Ndiyo maana mama anapaswa kujua hali ya mrija uliobaki kuliko kitu kingine chochote.

Wengine wanadhani mrija wa kushoto ukiondoka, mayai ya ovari ya kushoto yanapotea, kwa hiyo mama anabaki na miezi sita tu ya kushika mimba kwa mwaka. Sivyo. Kumbuka mrija haukuungwa na ovari. Mirija na ovari viko karibu karibu nyuma ya kizazi, na mrija wa kulia unaweza kulizoa yai lililotoka ovari ya kushoto. Madaktari wameliona hilo mara nyingi. Na yai lisilozolewa halikai tumboni likaoza, kama nilivyowahi kuulizwa. Ni dogo kuliko chembe ya mchanga, mwili unalimeng'enya tu.

Mimba inayofuata

Mama aliyewahi kupata mimba ya mrijani ana uwezekano wa takriban mmoja katika kumi wa kuipata tena. Kwa hiyo tisa katika kumi hawarudiwi, lakini yule mmoja ni lazima apatikane mapema. Siku hedhi inapokosekana na kipimo kikaonyesha mimba, hangoji mwezi wa tatu kuanza kliniki. Anakwenda kituoni mapema, wiki ya sita hivi, anawaambia, "Niliwahi kupata mimba nje ya kizazi, naomba ultrasaundi." Aseme mwenyewe bila kuulizwa, kwa sababu mhudumu aliyepo siku hiyo huenda hamjui.

Muda wa kupumzika kabla ya kujaribu tena unategemea damu iliyopotea na kidonda. Wengi hushauriwa kungoja miezi michache mwili urudishe damu, na aliyetumia methotreksati anapaswa kungoja angalau miezi mitatu. Baada ya tumbo kufunguliwa, kulima, kutwanga na kubeba ndoo kichwani vinapaswa kusimama kwa wiki sita hivi. Najua kijijini hilo ni gumu kuliko upasuaji wenyewe. Mume na ndugu zake ndio wanaoweza kulifanya liwezekane.

Sasa chanzo. Makovu mengi ya mirija yanatokana na maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, hasa klamidia na kisonono. Klamidia ni mjanja, kwa wanawake wengi haionyeshi dalili yoyote. Akitibiwa mke peke yake, mume akaendelea kutembea nayo, wiki ya pili mke anairudia. Kwa hiyo mwanamume anayesema "mke wangu ana tatizo la mirija" ajiulize kama na yeye alipimwa. Maambukizi baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika, hasa mimba iliyotolewa kienyeji, nayo yanaharibu mirija kwa namna hiyo hiyo.

Kwetu Kanda ya Ziwa inaongezeka kichocho. Kichocho kinachotawala mwambao wa ziwa letu ni kile cha tumbo. Kile cha mkojo kinapatikana zaidi ndani, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, na hicho ndicho kinachotaga mayai yanayokwama kwenye kibofu, mlango wa kizazi na hata mirija, kikaacha makovu. Watoto wa shule hupewa dawa ya prazikwanteli shuleni. Mama aliyemaliza darasa la saba miaka 15 iliyopita, na ambaye tangu hapo anachota maji lamboni kila siku, huenda hajaimeza tena. Dawa inaua minyoo, kovu lililokwisha kuwapo haliliondoi, kwa hiyo faida yake ni kubwa ikimezwa mapema. Mkojo wenye damu usichukuliwe kuwa ni uchovu.

Mirija yote miwili ikiondolewa

Hapa jibu linabadilika, na sitalipamba. Mwanamke asiye na mrija hata mmoja hawezi kushika mimba kwa njia ya kawaida. Yai halina njia ya kukutana na mbegu. Hakuna mzizi wala maombezi ya kulipia yatakayoliotesha jipya, na anayekuuzia dawa ya "kuzibua mirija" wakati mirija haipo anakuibia.

Lakini ona kilichobaki. Kizazi kipo, ovari mbili zipo. Anaendelea kupata hedhi kila mwezi kama kawaida, kwa sababu damu ile inatoka kizazini. Hazeeki mapema. Hamu ya tendo la ndoa haitoki kwenye mirija. Kosa langu la redioni lilikuwa hapo. Anayekoma hedhi mara moja ni yule aliyetolewa kizazi chenyewe, na anayepata joto la ghafla na dalili za ukomo wa hedhi kabla ya wakati ni yule aliyetolewa ovari zote mbili.

Na kwa kuwa kizazi kipo, njia ya kitaalamu ipo. Julai 25, 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa yai kukutanishwa na mbegu maabara, kisha kurudishwa kizazini. Mama yake, Lesley, alikuwa amehangaika miaka tisa kwa sababu mirija yake ilikuwa imeziba. Njia hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wanawake kama yeye. Jirani zetu Kenya walipata watoto wao wa kwanza wa njia hiyo mjini Nairobi mwaka 2006. Hapa nchini huduma ipo katika miji mikubwa, lakini ni ya mamilioni ya shilingi na si kila jaribio hufaulu. Kwa mkulima wa mtama wa Bukabwa ni mbali sana, nakubali. Ila kuna tofauti kati ya "ni ghali" na "haiwezekani", na mtu anastahili kuambiwa ukweli ni upi.

Ajabu ni kwamba kwa baadhi ya wanawake mrija hutolewa ili kusaidia uzazi. Mrija ulioziba ukajaa maji huyamwaga kizazini na kuharibu mimba inayopandikizwa, kwa hiyo madaktari huuondoa au kuufunga kwanza.

Kiafya, kukosa mirija hakumletei mwanamke ugonjwa. Mirija haina kazi nyingine mwilini zaidi ya hiyo ya usafiri. Kinyume chake, imegundulika kwamba saratani nyingi zilizokuwa zinaitwa za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija. Tangu mwaka 2010, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, madaktari walihimizwa kuondoa mirija kabisa kwa wanawake waliokwisha kupata watoto na ambao wanafanyiwa upasuaji wa kutoa kizazi au wa kufunga uzazi. Nchi nyingine zikafuata. Hii si sababu ya mtu yeyote kukimbilia kutolewa mirija. Nimeitaja ili aliyetolewa ajue hakubeba laana mwilini.

Yapo madhara ya kufuatilia, nayo yanatokana na upasuaji na damu iliyopotea. Upungufu wa damu unahitaji vidonge vya madini ya chuma na chakula, kama dagaa, maharage na mboga za majani, kwa miezi kadhaa. Makovu ya ndani yanaweza kuleta maumivu. Mwanamke mwenye kundi la damu hasi anapaswa kuuliza kuhusu sindano ya kukinga mimba zijazo, na kwa kawaida huchomwa ndani ya saa 72. Na kuna huzuni. Alipoteza mimba, karibu afe, akarudi nyumbani bila msiba wala matanga, siku ya tatu akaulizwa ugali uko wapi.

Cheti kilichokuwa kabatini

Mkoani kwetu uzazi si jambo la mtu mmoja. Mwanamume anaongeza mke, shamba na ng'ombe vinagawanywa upya. Katika baadhi ya koo, hasa za Wakurya, mwanamke asiye na mtoto anaweza kuoa msichana amzalie watoto wa nyumba yake, nyumba ntobhu. Si kazi yangu kuhukumu mila. Ninachosema ni kwamba maamuzi makubwa hivyo yanafanywa juu ya taarifa ambayo hakuna aliyeihakikisha.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, mgonjwa au ndugu yake aulize: mmeondoa mrija upi, wa kulia au wa kushoto? Mlipofungua tumbo, mrija wa pili mliuonaje? Ovari zote zipo? Kizazi kiko salama? Daktari mpasuaji aliviona kwa macho, ana majibu. Mwombe ayaandike, na ayaseme kwa Kiswahili. Kama mlishatoka bila kuuliza, faili bado lipo, mnaweza kurudi, au kwenda na cheti chenu kituo cha afya kilicho jirani mkasomewe.

Siku ya tatu nilimpigia mama wa Butiama kama nilivyoahidi. Nikamuuliza kama ana karatasi yoyote aliyopewa. Alikuwa nayo, kabatini, ndani ya daftari la kliniki la mtoto, haijawahi kusomwa na mtu kwa kuwa imeandikwa Kiingereza kwa mwandiko wa daktari. Alimwita mdogo wake aliye kidato cha pili, akanisomea herufi moja moja kwenye simu, na mimi naandika. Usiku ule nilimpigia mkunga mmoja, nikamsomea nilichoandika, akanitafsiria. Mrija wa kushoto umepasuka, umeondolewa. Mrija wa kulia mzima. Ovari zote mbili ziko sawa. Kizazi kiko sawa.

Nilipomrudishia majibu alinyamaza, kisha akaniomba nimwambie mara ya pili, pole pole. Akauliza kama naweza kuyasema hewani, bila jina lake. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nitaanza kwa kusahihisha nilichosema. Akasema basi iwe Alhamisi asubuhi, kwa sababu siku hiyo mume wake haendi shambani, na mama mkwe huwa anawasha redio mapema.